Shamba la Magofu

Si zamani za kale, ni juzi tu. Bwana Lukmani, mwenye hoteli kubwa, alilitamani shamba la Bi Mwanamize, mjane wa Mtondooni, kwa sababu lilikuwa na magofu ya kale na watalii hupenda kupiga picha kwenye magofu. Akamwita mbele ya karani wa ardhi.

"Shamba ni letu," alisema Lukmani. "Huyu mama tulimwazima tu alime."

"Sibishi, mwanangu," alisema Bi Mwanamize kwa upole. "Ni lenu tangu lini?"

"Tangu babu."

"Babu tu? Na ukubwa wote wa ukoo wenu?"

Lukmani alivimba kichwa. "Tangu babu wa babu!"

"Andika, karani. Na kodi ya miaka yote hiyo ni juu ya nani?"

"Juu ya mwenye shamba," alijibu karani. "Tena shamba la magofu kodi yake ni nzito."

Jasho lilimtoka Lukmani. Aliiona hoteli nzima ikienda na maji.

"Ngojeni! Nimechanganya na shamba jingine. Hili si letu, wala halijapata kuwa letu!"

"Maneno matupu hayatoshi, baba," alisema Bi Mwanamize. "Andika."

Lukmani akaandika, akatia sahihi. Karani akagonga muhuri.

Ndipo Bi Mwanamize alipofungua pindo la kanga na kumwaga mezani risiti za kodi, za marehemu mumewe na zake, hakuna mwaka uliokosekana.

"Risiti ninazo zote, mwanangu," alisema, akiichukua karatasi ya Lukmani. "Hii ndiyo niliyokuwa sina."