Sultani Aliyetaka Kumwona Haya

Hapo zamani, katika mji wa Kirinde, alitawala Sultani aitwaye Fumo Shaibu, naye alikuwa akijenga kasri jipya. Kila palipotokea msiba mafundi waliacha kazi wakaenda kuzika, ikawa ujenzi hauishi. Basi Sultani akapiga marufuku: asionekane mtu mazikoni ila watoto wa marehemu. Akaweka askari njia ya makaburini.

Haukupita muda akafa mzee mmoja mfinyanzi. Mji mzima ukaenda kumzika, na wale askari wakalaza mikuki chini wakabeba jeneza.

Sultani akawakusanya watu, akauliza kwa ghadhabu, "Nani amewaamrisha?"

Akajibu Mize, mjane msuka mikeka, fukara asiye na mali ila ulimi wake. "Mawlana, ametuamrisha Haya. Tungebaki majumbani, kesho tungetazamanaje?"

"Kumbe huyo Haya ana nguvu kuliko askari wangu? Mlete basi, anishike mkono nimwone. Usipomleta, utahama mji wangu."

"Nimesikia, nami natii," akasema Mize. Akaomba pazia litundikwe barazani, na nyuma yake kiwekwe chungu cha asali, maana ulafi wa Sultani ulijulikana.

Kesho yake Sultani akaingia nyuma ya pazia. Mize akabaki nje, akasema, "Haya yuko njiani, mawlana. Uko peke yako, jiburudishe."

Sultani akavua kilemba, akatia mkono chunguni hadi kiwiko, kisha akatia na uso, akawa analamba kama paka. Huku nje kadhi, mawaziri na mama mkwe wake, walioitwa na Mize, waliingia miguu mitupu, wakaketi kimya. Ndipo Mize akavuta pazia.

Mkono wa Sultani ukachomoka chunguni ukajificha mgongoni.

"Mawlana, asali ni yako na chungu ni chako. Nani amekuzuia?"

"Hakuna aliyenigusa," akasema Sultani, ndevu zikichuruzika asali.

"Basi aliyekushika mkono ndiye Haya. Hana upanga, na makazi yake ni machoni mwa watu."

"Nami nikitaka kumfukuza?"

"Utufukuze sisi sote, mawlana. Hapo utalamba upendavyo, wala hapatakuwa na mtu wa kukuita Sultani."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe, ndani ya ushungi wake. Sultani naye akacheka hata akakaa chini. Akaifuta amri yake, akampa Mize nyumba ya mawe. Kisha akanawa uso, akaenda matangani kwa yule mfinyanzi, akaketi mkekani kati ya mafundi wake, wala hakuna aliyemwamrisha.