Kiboko, Baba wa Ligi ya Majike

"Jamani, niseme nisiseme?"

"Sema!"

"Nikisema mtaitikia au mtasinzia?"

"Tutaitikia!"

"Haya. Aliyekalia jiwe akae vizuri, aliyekalia mwenzake ashuke. Nasema."

Hapo kale, kwenye bonde la mto Kikwaru, majike wa wanyama walianzisha mchezo wao. Si ule mpira wa kupiga kwa kichwa na kuringa, hapana. Raga! Raga ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Mpira unaukumbatia, unakimbia nao, tip tip tip, adui anakukamata miguu, puu! uko chini. Unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, mwenzako anaudaka, mnaendelea. Mkiangushwa mara sita, basi, wapeni wenzenu nao wajaribu. Ukivuka nao mstari wa mwisho ukaugusisha chini, hiyo ndiyo trai. Na kupasiana ni nyuma tu. Ukithubutu kurusha mbele, refa Mbuni anapuliza firimbi, piiii!

Madume walipouona mchezo huo walicheka mpaka wakakaa chini. Na aliyecheka kuliko wote ni Kiboko.

"Nyie akina mama," akasema, "mpira wa kurudi nyuma mtafika nao lini? Na hayo matope usoni, nani atawaoa?"

Hakuna aliyemwomba amuoe, lakini yeye alijibu hivyo hivyo.

Majike wakashika kazi. Swala wakafyeka nyasi. Kanga wakachora mistari kwa majivu. Nyumbu wakashona mpira kwa magome ya mti, wakaujaza sufi. Ligi ikaanza. Mwaka wa kwanza watazamaji walikuwa kunguru wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Lakini ligi ilikua, bwana! Mwaka baada ya mwaka wanyama waliongezeka, mpaka wengine wakawa wanatoka ng'ambo ya mto na watoto mgongoni. Na uwanja nao ukanona. Kukanyagwa, kumwagiwa maji, kuangushiwa mbolea na watazamaji wasio na adabu, basi nyasi zikaota laini, nene, kijani. Bonde zima hapakuwa na nyasi kama zile.

Hapo ndipo Kiboko akakumbuka kwamba ligi ni yake.

Alikuja asubuhi, du! du! du!, tumbo mbele, yeye nyuma. Akasimama katikati ya mazoezi.

"Mimi," akasema, "ndiye baba wa ligi hii. Mimi ndiye niliyeianzisha. Nyie nilikuwa nawalea tu."

Madume wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Wengine hata hawakujua wanapigia nini.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Aliyeanzisha kitu, uwanja ni wake, na nyasi za uwanja ni chakula chake. Na mtu akidai ameanzisha, anasimamishwa katikati, mbele ya wote, anaulizwa: hili alifanya nani? Lile alifanya nani? Kila swali ajibu "Ni mimi!" kwa sauti. Akimaliza maswali yote, amepewa. Akisema "Si mimi" hata mara moja, dai lake limekufa. Eti hiyo ndiyo sheria! Walioitunga ni wenye sauti nene, sasa mnashangaa nini? Kwa sauti ile ya Kiboko, kila mtu alijua nyasi zimeshaliwa.

Nguchiro, nahodha wa timu ya Kichuguuni, aliogopa. Siwafichi, aliogopa mpaka mkia ukasimama. Uwanja ule ulikuwa mahali pekee bondeni ambapo yeye, kijitu cha kupita chini ya mizizi, aliweza kumwangusha Nyumbu mzima, puu!, na watu wakalitaja jina lake. Na binti zake walikuwa wanaanza kucheza msimu ule. Uwanja ukiliwa, watacheza wapi? Shimoni?

Nyumbu alikuwa analia waziwazi. "Tumekwisha. Tukisema si yeye, madume wote watamtetea."

"Msiseme si yeye," Nguchiro akamwambia. "Semeni ni yeye."

"Wewe una wazimu?"

"Kidogo. Nitauliza mimi. Nyie kila akijibu, itikieni 'Ni yeye!' Tena kwa furaha."

Halafu Nguchiro akaenda zake kwenye mti wa mgunga kando ya uwanja, kwa nyuki.

"Hodi, mama zangu."

"Zzzz. Karibu. Sema haraka, tuna kazi."

"Mnaikumbuka ile fainali ya kwanza?"

Nyuki wote wakaacha kazi. Wangesahau vipi? Siku ile kuna mtu alipiga mpira teke, mpira ukapaa, fyuuu!, ukautandika mzinga, mzinga ukaanguka, asali yote ikanywewa na mchanga. Tangu hapo kila msimu nyuki wakiuliza ni nani, wachezaji wanatazama mawingu.

"Kesho," akasema Nguchiro, "kuna mtu atasimama hadharani aseme ni yeye. Njooni msikilize. Ila kaeni kimya mpaka aseme."

"Tutakuja," wakasema nyuki. "Zzzz. Tutakuja wote."

Kesho yake bonde lote likafurika. Kiboko alikuja na njaa makusudi. Hakuwa amekula tangu jana, ili auanze uwanja na tumbo tupu. Mbuni akapuliza firimbi, piiii! Nguchiro akaenda katikati, akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, katoto. Uliza upesi, nasikia njaa."

"Nani alifyeka uwanja huu?"

"Ni mimi!"

"Ni yeye!" wakaitikia majike.

Kiboko akashtuka kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa anashangiliwa. Akavimba.

"Nani alichora mistari?"

"Ni mimi!"

"Ni yeye!"

"Nani alishona mpira?"

"Ni mimi! Kwa mikono yangu hii!" Watu wakaitazama mikono yake. Hakuna sindano duniani ambayo ingekaa pale. Lakini majike wakaitikia, "Ni yeye!"

"Nani alifunga trai ya kwanza, kwenye fainali ya kwanza ya majike?"

"Ni mimi!"

Hapo hata madume wakatazamana. Ya majike? Yeye? Mmoja akaanza kupiga makofi, akaacha katikati.

"Ni yeye!" wakaitikia majike, wanajikaza wasicheke.

"Asante, Bwana Mkubwa," Nguchiro akasema kwa sauti ya upole. "Na kwenye fainali hiyo hiyo, nani alipiga lile teke, mpira ukapaa ukauangusha mzinga wa nyuki?"

Kutoka mgungani ikasikika sauti ndogo: zzzzz.

Kiboko akawatazama nyuki. Akazitazama nyasi. Loo, nyasi zilivyokuwa zimependeza asubuhi ile, na umande juu yake! Akisema "Si mimi", hatatia hata unyasi mmoja mdomoni. Tumbo likaguna, ngruuu. Akajisemea, ngozi yangu hii nene, vidudu hivi vitanifanya nini?

"NI MIMI!"

"NI YEYE!" wakaitikia majike mpaka kanga wakapoteza manyoya.

Nguchiro peke yake hakuitika. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, anautazama mguu wake wa kulia, ule ule uliopiga lile teke.

Vuuuuumm! Nyuki walishuka wote kama walivyoahidi. Na nyuki si wajinga, hawakuhangaika na ngozi. Waliingia masikioni, waliingia puani, na wengine waliingia pale ambapo mbele ya wakwe sipataji.

"Si mimi!" Kiboko akalia. "Mama yangu wee! Si mimi! Sikuwapo! Sikufanya chochote mimi, chochote!"

Piiii! Mbuni akanyanyua bawa. "Amesema si mimi. Dai limekufa!"

"Jamani refa," Nguchiro akasema, "mbona nilikuwa bado na swali moja?"

Kiboko hakungoja swali. Du! du! du! du! mpaka mtoni, chubwiii! Akajizamisha mzima, akaacha masikio na pua tu. Nyuki wakaja, vumm, akavizamisha navyo. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, na akitaka nyasi anasubiri giza, nyuki wamelala.

Na madume? Kesho yake wote walikuwa wameiunga mkono ligi tangu zamani. Ngiri akaja kabisa amefuta matope, akasema ligi kubwa hivi haiwezi kukosa mlezi.

"Karibu sana," Nguchiro akamwambia. "Njoo usimame pale katikati, tuna maswali."

Ngiri akakumbuka kwamba ameacha mgonjwa nyumbani. Mpira ukawekwa katikati, na binti mdogo wa Nguchiro akaubeba wa kwanza, tip tip tip, mpaka mstarini.

"Hadithi yangu imevuka mstari, nimeigusisha chini. Refa asemeje?"

"Piiii!"

"Na funzo lake, maana najua mama zenu watawauliza. Funzo ni hili: wanangu, msiseme uongo. Mtazameni Kiboko alivyoumbuka."

"Na Nguchiro je, shangazi?"

"Nguchiro kasema uongo gani? Yeye aliuliza tu. Hakuna aliyemuuliza."