Kakakuona na Mtambo Ulioachwa na Mafundi

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti, au mnapuliza chai? Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmefika. Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta, msijifanye mmesindikiza watoto tu. Hii ni yenu pia.

Kale hiyo, kale ya kale, wanyama walikuwa na mitambo na binadamu hana hata tochi. Palikuwa na bonde, na bondeni bwawa moja. Bwawa moja, wanyama aina arobaini. Simba anywe wapi? Hapo. Swala anywe wapi? Hapo hapo. Basi wakaweka mtambo, mkubwa kama nyumba, uwagawie zamu. Nguru, nguru, tii. Nguru, nguru, tii. Unakoroma kutwa kucha. Zamu yako ikifika, mtambo unapuliza pembe, na kila aina ina mlio wake. Wa Digidigi ulikuwa mfupi mara mbili: pu, pu. Umesikia wako, nenda. Hujasikia wako, kaa. Hata Simba alikaa.

Ikawa raha. Raha ikazidi mpaka wanyama wa bonde lile wakaacha kutazama nyuma wakinywa maji. Kichwa bwawani, macho yamefumba, fyoo, fyoo. Nani atakuja, na pembe yake haijalia?

Sasa sikilizeni. Mtambo una mwili na una akili. Mwili ni chuma. Akili ni zile amri zilizomo ndani, zinazokiambia chuma kifanye nini. Wasomi wanaita mfumo endeshi. Mimi naita akili, na mtanisamehe. Akili ile waliiunda Kima wa ng'ambo ya mlima, na kila mwaka walikuja na mikoba yao kuitia viraka pale ilipochakaa.

Mwangalizi wa mtambo alikuwa Mzee Kakakuona. Magamba yake aliyang'arisha kila asubuhi. Anaujua mtambo kuanzia pembe hadi kucha, na ujuzi wote yeye kauweka kichwani. Hakuandika hata mstari. Ukimuuliza neno, kruu, anajikunja anakuwa mpira. Utaongea na mpira mpaka uchoke.

Mwaka mmoja Kima wakaleta barua. Ndovu, mwenyekiti wa bonde, akaisoma mbele ya wote. "Akili hii imekuwa ya zamani. Masika yakiisha hatuitii viraka tena, na mkituita hatuji. Tumeunda mpya. Njooni tuwawekee."

Ndovu akauliza, "Kwani mtambo umeharibika?"

"Haujaharibika," wakajibu wanyama.

"Unakoroma?"

"Unakoroma."

"Basi hao Kima wanatafuta kazi tu."

Wakacheka. Kakakuona akasimama kwa miguu miwili, akasema, "Wakiondoka Kima, mimi nipo." Wakampigia makofi. Ee bwana, makofi yale yalimwingia mpaka chini ya magamba. Siku tatu alitembea kifua mbele.

Bi Nungunungu peke yake hakupiga makofi. Alimfuata nyumbani, akang'oa mwiba mmoja mgongoni, akauchonga ncha. "Mzee Kakakuona, kalamu hii hapa. Wewe sema, mimi niandike. Siku ukipata homa tufanyeje?"

Kruu. Mpira.

"Haya, mpira, ubaki salama," akasema Bi Nungunungu, akaenda zake.

Masika yakaisha. Kima hawakuja. Mtambo, nguru, nguru, tii. Mwaka wa pili, nguru, nguru, tii. Lakini hofu ikaanza kujificha ndani ya adabu. Ikawekwa sheria: mtambo usizimwe. Kwa nini? Haujazimwa miaka kumi na mmoja, nani anajua kama utawaka? Ikawekwa nyingine: Ndovu asikanyage kwa kishindo karibu na mtambo. Na nyingine: Fisi asicheke. Jamani, Fisi asicheke! Maskini alikuwa anapita pale kajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Mwaka wa tatu wakaja Mbwa mwitu saba. Kwao kumekauka, ndimi nje. Ndovu akawakaribisha, akamwambia Kakakuona, "Waingize kwenye zamu."

Akili ya mtambo ilikuwa na nafasi arobaini tu. Wanyama wa mabonde mengine, waliokwenda kuchukua akili mpya, walipewa nafasi zaidi. Nani angemwambia Kakakuona? Barua za Kima hazikuja tena bondeni. Akaandikisha jina la arobaini na moja. Mtambo ukanguruma kidogo, ukalipokea. Akashusha pumzi. "Si mnaona? Chuma cha zamani hiki."

Kumbe mtambo, kwa kukosa nafasi, umemweka mgeni juu ya mapaja ya yule wa mwisho, zamu moja wawili. Na wa mwisho, wa arobaini, alikuwa Digidigi.

Saa tisa alasiri, jua kali. Pembe ikalia: pu, pu. Bi Digidigi akaja bwawani na wanawe wawili. Vichwa majini, macho yamefumba, fyoo, fyoo. Pembe haijatulia, ikalia tena: puuu, puuu, puuu. Huo ni wa Mbwa mwitu.

Kakakuona alikuwa kwenye dirisha la mtambo. Akadhani kasikia vibaya. Akatazama. Mbwa saba wanashuka kilima, mbio za polepole zile za mtu anayejua chakula hakikimbii. Bi Digidigi anakunywa. Kwa nini atazame nyuma? Hajatazama nyuma tangu azaliwe.

Kakakuona akapiga kelele, "Bi Digidigi, kimbia!" Nani asikie, na mtambo unakoroma juu ya sauti yake?

Akaogopa. Nawaambia ukweli, aliogopa mno. Kidevu kikaanza kushuka tumboni chenyewe, kruu. Akajiona anavyojikunja, na akafikiri: mimi nitapona, nina magamba. Wale watoto wana nini? Wana manyoya. Akakinyanyua kidevu. Kilikuwa kizito, akakinyanyua hivyo hivyo. Akakimbia kwa miguu miwili, mkia ukiburuta, mpaka kwenye mkono mkubwa wa kuuzimia mtambo. Akaukamata, akaning'inia kwa uzito wake wote.

Kwaaa. Tii. Kimya.

Kimya kikaangukia bonde zima. Miaka kumi na miwili hakuna aliyesikia kimya. Swala kule mbali akasimama na jani mdomoni. Mbwa mwitu wakasita, mguu mmoja juu, wakitazamana. Na Bi Digidigi akainua kichwa kuuliza kumetokea nini, akawaona. Alichofanya hapo sitawaeleza, kwa sababu hakuna jicho lililomwona. Vumbi tu, na wanawe mbele yake.

Bonde lote likaja mbio. Ndovu akahema, "Nani kazima?"

"Mimi," akasema Kakakuona. "Na sijui kama utawaka. Nilisema nipo. Nipo kweli, lakini sijui. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiomba Mungu usiharibike zamu yangu."

Hakuna aliyempigia makofi. Bi Nungunungu akang'oa mwiba mwingine. "Sema, Mzee. Zamu ya kwanza nani?"

Akasema zote, arobaini na moja, na Bi Nungunungu akaandika kwenye gome la mti. Kanga, ambaye mdomo wake hauhitaji pembe, akapanda juu ya jiwe akawa anaita zamu kwa jina. Na Fisi akapewa ruhusa yake. Alicheka mpaka akalala chini.

Kima waliitwa walete ile akili mpya, wakaja siku ya tisa. Mkuu wao akauzunguka mtambo, akaupapasa. "Uzee si ugonjwa," akasema. "Hata huu mngekaa nao, kama mngekuwa wengi mnaoujua, na mmejipanga siku ya kuuacha. Ulijuliwa na mmoja, naye alikuwa anaogopa." Wakaweka akili mpya.

Siku ya kuuwasha, pembe ikalia: pu, pu. Wote wakamtazama Bi Digidigi. Hakuondoka. Akasimama na vijiguu vyake kama vijiti, akamuuliza Ndovu, "Ukikosea tena, mbali na Mzee Kakakuona, nani anajua kuuzima?"

Bi Nungunungu akainua mkono. Kanga akainua bawa. Fisi akainua mkono, na hakucheka. Wa nne alikuwa mmoja wa wale Mbwa mwitu.

Bi Digidigi akawahesabu. Akawahesabu tena. Kisha akawaambia wanawe, "Twendeni tukanywe."

Mafunzo yake hayajifichi: kitu kinachobeba maisha ya wote kisijuliwe na mmoja, na fundi akikwambia anaondoka, anza kujipanga siku ile ile, usingoje kiharibike.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo inapokaa. Atakayeipenda aichukue, atakayeikataa aniachie palepale.