Nani Mwenye Hamu Zaidi?

Nipeni masikio yenu, na mwisho mnipe hukumu.

Katika chuo kimoja cha ufundi walikuwapo wasichana watatu wasiopikika chungu kimoja. Kokushubira, Mhaya, alikuwa na kichwa cha hesabu. Naserian, Mmaasai, alikuwa na mkono wa kuchomelea. Sikudhani, Mdigo wa Tanga, alikuwa na sikio: akiisikiliza mashine, anakwambia ugonjwa wake.

Zahanati ya jirani, juu ya kilima, ilikosa maji, wakakabidhiwa pampu yake mbovu.

Kokushubira alipiga hesabu, akaona bomba ni jembamba, likabadilishwa. Bila yeye, maji yasingepanda kilima.

Kwa siku mbili Naserian alichomelea tangi lililopasuka, macho yakimchuruzika. Bila yeye, maji yasingekaa.

Sikudhani alitega sikio kwenye injini. "Vali ya pili imekwama," akasema. Ikafunguliwa, injini ikanguruma. Bila yeye, maji yasingetoka ardhini.

Basi ikaja nafasi moja ya masomo ng'ambo. Dokta Mtawali, mkufunzi wao, akaleta fomu iliyotungwa hukohuko, ya kupima hamu ya kufanikiwa. Akawauliza mbele ya wote, "Unajitahidi ili iweje?"

"Niwashinde wote," alijibu Kokushubira. Akapata tisa juu ya kumi.

"Ukoo wangu usiaibike," alijibu Naserian. Nne.

Kwao Sikudhani, kujisifu ni utovu wa adabu. "Kazi iishe vizuri, basi," akasema. Moja.

Sikudhani akafoka. "Moja? Kwani pampu ilijiwasha yenyewe?"

"Huna hamu, dada," Kokushubira akamcheka. "Kaa usikilize mashine zako."

"Na wewe una choyo tu, fomu yao imekiita hamu!"

Naserian akaigonga meza. "Nyamazeni! Nyie mmejibeba wenyewe. Mimi nimebeba watu arobaini mgongoni, halafu napewa nne?"

"Fomu haina nafasi ya ukoo," alisema Dokta.

Sikudhani akamnyang'anya Dokta fomu, akaibandika tena mbele yake. "Basi andika kwamba nataka! Nataka kuliko hawa wote!" Maneno hayo hakuwahi kuyatamka maishani mwake. "Sasa nimefika ngapi?"

Dokta akatazama saa. Adhuhuri ilikuwa inagonga, na jina moja lilipaswa kutumwa ng'ambo. Likichelewa, nafasi inahamia chuo kingine. Watatu walisimama wakitazamana kama paka waliofungiwa gunia moja.

Haya, kalamu ya Dokta nakupa wewe. Anayetaka kushinda, anayeogopa kuwaaibisha wake, au anayetaka kazi iishe vizuri: ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?