Nani Amwambie Saumu?

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi asogee zaidi, maana hadithi hii nimekuja nayo nusu. Nusu nyingine mtanipa nyinyi.

Palikuwa na ndugu watatu, tumbo moja, mtaa mmoja. Tabu, mkubwa, alikuwa fundi cherehani mwenye macho makali. Uzi ukiruka mahali kwenye pindo la nguo yako, yeye ameuona akiwa ng'ambo ya barabara. Shomari, wa kati, alitengeneza redio, na ukimtikisia redio sikioni alikwambia skrubu gani imelegea. Kitinda mimba alikuwa Mwasiti, msusi. Vidole vyake vilisuka huku yeye katazama kwingine anapiga soga, wala njia za nywele hazikupinda.

Mwasiti alikuwa na binti, Tunu, na Tunu alikuwa na ugonjwa mmoja na watoto wote wa mtaa: vifuko vya Fumbua. Vile vifuko vya kung'aa dukani kwa Mangi, vimefungwa kotekote, ndani mna mnyama mdogo wa plastiki, na humjui ni nani mpaka upasue. Tunu alikuwa na simba, alikuwa na twiga, alikuwa na nyani wa kumwaga. Kakakuona ndiye hakuwa naye. Kakakuona hata porini haonekani ovyo, na waliotengeneza vifuko nao wakamtia kwa nadra vilevile.

"Leo nakuletea," Mwasiti alimwambia mwanawe asubuhi.

Tunu akamtazama tu. Viatu vya Idi vilikuwa "leo nakuletea". Safari ya kwa bibi ilikuwa "Ijumaa hii tunakwenda". Mwasiti aliona haya mbele ya mtoto wa kumzaa mwenyewe! Akaapa moyoni kwamba safari hii harudi mikono mitupu, kwa sababu akirudi hivyo, mtoto hatamwamini tena. Akawapitia ndugu zake, wakaenda.

Dukani Mangi alikuwa na sharti lake: kifuko hakiminywi. Na watoto nao walikuwa na lao, tena hilo hawakulivunja kabisa: kifuko hakifunguliwi dukani. Unakibana kiganjani mpaka kizingitini kwenu, hapo ndipo unapasua. Ukifungua njiani, bahati inashukia njiani.

Basi Mangi akaingia stoo kupima unga, na watu wazima na akili zao wakalivamia boksi. Tabu alitafuta kidoa chekundu penye mkunjo, maana alikiona siku moja kwenye karatasi ya mtoto aliyempata kakakuona. Shomari alitikisa sikioni, maana kakakuona kaumbwa kipande kimoja, na wanyama wengi mikia yao huchomoka ikagonga ndani. Mwasiti aliminya akitafuta magamba. Boksi zima, hola.

Kumbe pembeni ya mizani kasimama Saumu, mtoto wa jirani, yule wa mapengo mbele, anasubiri unga wa mama yake. Kifuko chake alikwisha kuchagua kabla wao hawajafika, kakibana kiganjani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Tabu akaona. Mkunjo ulichungulia kati ya vidole vya mtoto, na kidoa chekundu kipo. Akamkanyaga Shomari mguu.

Shomari akachuchumaa, akajitia mcheshi. "Hebu mjomba asikie nani kalala humo." Akakichukua, akakitikisa sikioni. Kimya. Akampitishia Mwasiti nyuma ya mgongo.

Mwasiti akaminya. Magamba, moja juu ya jingine, na mkia umejikunja. Alijua palepale kwamba la kufanya ni kukirudisha. Lakini akayakumbuka macho ya Tunu ya asubuhi, akachukua kifuko kingine kwenye boksi, akakitia mkononi mwa Shomari. Shomari akakitia mkononi mwa Saumu. Na Tabu akamwambia mtoto, "Kishike vizuri, hicho kina bahati."

"Asante, mama mkubwa," Saumu akasema, akakibana.

Mangi aliporudi wakamlipa, wakatoka, na njiani ikawa vicheko na majigambo. Nani amkabidhi Tunu?

"Mimi," akasema Tabu. "Bila macho yangu, mngejuaje kama kile kifuko kipo?"

"Bila masikio yangu ungeleta mamba," akasema Shomari. "Mamba naye ana kidoa."

"Na bila vidole vyangu mngeleta kobe," akasema Mwasiti. "Kobe naye ana kidoa, na hagongi."

Hakuna aliyesema uongo. Wakabishana mpaka nyumbani, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu.

Tunu akapasua kizingitini. Kakakuona! Akamrukia mama yake shingoni. "Mama, leo umeleta kweli!" Na Mwasiti, jamani, alifurahi. Kusema hakufurahi nitakuwa nawadanganya.

"Hodi!"

Saumu huyo mlangoni, nyani mkononi.

"Mama amesema nije niwashukuru kwa kunichagulia," akasema. "Nyani ninaye mwingine nyumbani, lakini huyu ndiye mwenye bahati. Si ndiyo, mama mkubwa?"

Tabu akatazama dari. Saumu akachungulia ndani, mara macho yakamtoka.

"Yuu! Tunu kampata! Naomba nimshike kidogo tu. Nitamrudisha."

Mwasiti alitamani ardhi ipasuke. Vile vidole vyake vikawa havina pa kukaa.

"Mimi niliona tu," Tabu akanong'ona. "Kuona nako ni kosa?"

"Mimi nilisikiliza tu," akanong'ona Shomari. "Nikapokea, nikapitisha."

"Mimi…" Mwasiti akaanza, akaishia hapo. Tunu alikuwa anamtazama. Akisema, mwanawe atajua kwamba hata ahadi moja aliyotimiziwa, imetimizwa kwa mali ya mwenzake. Asiposema, huyu mtoto mwingine atamshika kakakuona wake mwenyewe, kisha atamrudisha kwa adabu na kusema asante.

Haya, ubishi ni wenu sasa. Na asiniambie mtu "waseme wote kwa pamoja", kwani hao nimewaacha pale wanasukumana mabega, kila mmoja anamngoja mwenzake. Aliyeona, aliyesikiliza, aliyeminya: yupi afungue mdomo kwanza? Semeni upesi, maana Saumu kanyoosha kiganja anasubiri.