Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Wanangu, wenye watoto waliolala waacheni walale. Hili nitakalosema ni jepesi, halitawaamsha.

Alikuwapo msichana mmoja wa kidato cha sita, katika mji wa huko juu kwenye baridi, ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Msichana huyu tangu udogoni alikuwa na tabia moja: akikutazama, anakutazama paji la uso. Hakuwa amekosa adabu. Alikuwa anawaza humo ndani mna nini. Mama yake akisahau alikoweka chumvi, yeye anawaza, je, kile kilichosahaulika kimekwenda kukaa wapi? Mdogo wake akicheka usingizini, anamkalia pembeni, anajiuliza ni nani aliyemchekesha. Akiwekwa kulinda maharage jikoni, atautazama mvuke unavyopanda mpaka yaungue. Na maharage aliyaunguza sana.

Siku moja alikuja daktari mgeni shuleni kwao, kuzungumza na wanafunzi juu ya kazi za kesho. Akawaambia kichwa cha mtu kina milango mingi. Yuko anayeingia kwa kisu akatoa uvimbe. Yuko anayefuata mishipa ya fahamu kama fundi umeme anavyofuata waya ukutani. Na yuko asiye na chombo ila kiti na masikio yake. Anakaa na mwenye huzuni mpaka ile huzuni ipate jina, na kazi hiyo huitwa saikolojia. Msichana akarudi nyumbani miguu haigusi chini. Yeye aliitaka milango yote.

Nyumbani sasa, aliposema anataka kusomea ubongo. Shangazi yake akasema ubongo wao wanaujua, wa mbuzi, tena hausomewi, hunywewa supu. Kaka yake akasema atakaa na vichaa mpaka watu washindwe kujua yupi ndiye daktari. Wakacheka. Baba hakucheka, na kila mtu pale alijua kwa nini. Katika chumba cha uani alikuwamo kaka yake baba, mkubwa wake kuzaliwa, aliyechanganyikiwa akili mwaka wa tisa huo. Alipelekewa chakula, alifuliwa nguo, mlango ukarudishwa. Wageni wakija hawakuambiwa.

Baba alitaka binti yake awe mwalimu, kazi inayoeleweka. Lakini hakuwa mtu mgumu. Akampa siku tano, maana fomu za chuo zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Akamwambia aende akakae hospitali kwa yule daktari, akione kwa macho hicho anachokiota.

"Ukirudi na kitu mkononi, andika ubongo wako," alisema. "Ukirudi mtupu, utaandika ualimu, na machozi sitaki kuyaona."

Daktari akampokea. Akamwazima koti jeupe, likamfika magotini, na karatasi yenye maswali ishirini. Muuguzi akampeleka kwa bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, aliyepigwa na kiharusi tangu mavuno ya mwaka uliopita. Akamnong'oneza kwamba huyo hasemi, wameshamzoea, yeye aulize tu na kuandika.

Hapo nisikilizeni vizuri. Msichana yule alilelewa. Kwao mtoto hampiti mtu mzima njiani bila shikamoo. Akimpita, taarifa inafika nyumbani kabla yake. Lakini siku ile alikuwa ndani ya koti. Akaona mtaalamu hapigi goti kama mjukuu. Tena, ya nini kumwamkia asiyejibu? Hata ndugu za bibi mwanzoni, kiharusi kikiwa bado kibichi, walimwamkia, wakaona kimya, mwisho wakachoka. Wakawa wanakuja wanaweka uji, wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake. Mama yangu aliyenizaa alikuwa akisema, mtu hujibu salamu kwanza, mengine yote ni mkia wake. Lakini msichana hakuwahi kumsikia mama yangu.

Basi akavuta kiti, akaanza. Unaitwa nani? Kimya. Una watoto wangapi? Kimya. Akainua kijiko, hiki ni kitu gani? Bibi akautazama ukungu. Msichana akaandika, hakuna jibu. Akaandika hivyo mara ishirini. Jumanne ikawa vilevile, na Jumatano.

Alhamisi mvua ilinyesha juu ya bati, sauti moja, ndefu, isiyokwisha. Karatasi ikamlalia mapajani. Msichana akaota macho yakiwa wazi. Akaona ndani ya kichwa cha bibi mna nyumba kubwa, taa zinawaka vyumba vyote, na watu wamejaa sebuleni, wamevaa vizuri, wameketi, mikono mapajani. Wanasubiri. Hakuna anayenyanyuka, hakuna anayetoka. Akawaza, hawa wanasubiri nini, nami kila siku nipo hapa nje nawauliza? Hakujua. Ninyi mngejua?

Ijumaa akarudisha koti. Akaikunja karatasi. Akabaki na sare yake ya shule na sweta lililotoboka kiwiko. Alikuwa ameshindwa, na neno atakaloandika kwenye fomu alikuwa amekwisha kulijua. Akapita tu kumuaga bibi. Na kwa kuwa sasa hakuwa na koti wala swali, miguu yake ikakumbuka yenyewe ilivyofunzwa. Goti likakunjika.

"Shikamoo, bibi."

Ukungu ulikuwa umeegemea kioo. Midomo ya bibi ikatikisika upande mmoja, ule uliobaki mzima. Ikatoka sauti nzito, yenye kutu, kama mlango usiofunguliwa tangu masika.

"Marahaba."

Msichana akabaki vilevile, goti limekunjwa. Na salamu, wanangu, ni shanga katika uzi mmoja, ukivuta ya kwanza ya pili haikai.

"Hu... jambo?"

"Sijambo, bibi."

"Nyumbani?"

Muuguzi aliyekuwa anakunja shuka aliliacha likaanguka.

Daktari alieleza baadaye kwamba maneno tunayoyasema kila siku tangu utoto yana kikao chao kichwani, na kiharusi pengine hukiruka. Akasema kwa njia hiyo hiyo wataweza kumfundisha bibi maneno mengine, polepole. Mimi sikusoma, namwamini. Ila najua pia kwamba ile marahaba ingekwenda naye kaburini, ikiwa nzima, haijatumika.

Jioni baba alikuwa ameketi, fomu mezani, kalamu juu yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwuliza nini hata akajibu?"

"Sikumwuliza kitu, baba. Nilimwamkia."

Baba akamsukumia fomu. Kisha akanyanyuka, akatoka uani, akasimama mbele ya kile chumba, akavua kofia. Msichana akamsikia anasema, kwa sauti ya mtoto mdogo, "Shikamoo, kaka."

Kama alijibiwa, sitawaambia. Mfano wangu unaishia mlangoni pale, kwa sababu kuanzia pale ni sisi.

Maana vyumba vya uani tunavyo. Tumewaombea waliomo. Tumewachangia, tumewapeleka huku na huku, tumewajadili wao wakiwa wanasikia. Nani amewaamkia? Na watoto wetu wakituambia wanataka kusomea akili za watu, tunacheka, tukidhani wanataka kwenda mbali, kumbe wanatafuta njia ya kufika chumba cha nyuma cha nyumba yetu wenyewe. Hata kwa Mungu tunaingia hivyo hivyo, na koti letu, na maswali ishirini, tukitoka tunaandika, hakuna jibu.

Leo mkifika nyumbani, kabla hamjabadili nguo za kanisani, piteni uani kwanza. Msiulize kitu. Amkieni. Kisha subirini.