Bwana Najua na Barua ya Dada Yake

Kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza hupungukiwa na kiburi tu, hapungukiwi na kitu kingine. Methali hii tunawafundisha watoto, ilhali wanaoihitaji zaidi ni sisi wenye mvi.

Palikuwa na karani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Najua. Dada yake mkubwa hakuwahi kushika kalamu. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka ili mdogo wake asome. Sasa alikuwa na uvimbe kooni. Kesho yake angepasuliwa, na madaktari walikwisha kumwambia kwamba sauti haitabaki. Alitaka kwanza aandikiwe barua kwa binti yake, ambaye walikuwa hawajasemezana naye miaka tisa. Simu binti hakupokea. Huenda barua angeisoma.

Asubuhi hiyo fundi wa kompyuta, mama mwenye subira, aliirudisha mashine ya Bwana Najua.

“Mfumo wako wa zamani umekufa, mzee. Nimekuchomekea flashi yenye mfumo mwingine, Linux. Nimeivisha sura uliyoizoea, kitufe kipo palepale chini, usipate tabu. Ila si ileile. Ukiizima…”

“Ukiizima inazimika! Mama, mimi nilianza kubonyeza haya madude wewe bado unavaa sare ya shule.”

Fundi akameza maneno yake, akaenda zake.

Alasiri dada alisema kwa saa mbili, sauti ikikwaruza kama jiwe juu ya bati, na nduguye akapiga chapa.

“Polepole, dada. Hapo panataka nukta.”

“Nukta weka wewe. Mimi nalia.”

Walipomaliza, dada alinyoosha kidole kwenye kioo. “Hicho kipicha cha pembeni kimeandikwa nini?”

“Sakinisha.”

“Ndiyo nini?”

Hakujua. Swali lilimkwama kama mwiba wa samaki. “Mambo ya mafundi hayo.”

“Si ukamuulize, mdogo wangu? Yuko nyumba ya tatu tu.”

“Nikamuulize mimi?”

Akaihifadhi barua ili aitoe kwenye karatasi dada akirudi, akaiona kwenye folda kwa macho yake mawili, akazima kompyuta kwa utaratibu kama mtu anayefunga ofisi.

Siku ya tano dada alirudi, shingo imefungwa bandeji, kimya kama kaburi. Binti naye alikuwa amepata habari, akaja. Alikaa karibu na mlango, begi mapajani, kama mtu asiyekusudia kulala. Dada akamwashiria nduguye: msomee.

Kompyuta ikawaka. Sura ileile, kitufe palepale, folda tupu. Akafungua nyingine: tupu. Akatoka mbio bila viatu mpaka nyumba ya tatu.

“Mzee, ile ilikuwa ya kuonja tu,” fundi alisema. “Ukiizima inasahau yote. Kile kipicha ndicho kingeiweka ndani ya mashine moja kwa moja. Nilikuwa nakwambia, ukanikatiza.”

“Barua hairudi?”

“Hairudi.”

Alirudi akiburura miguu. Binti akainua uso. “Mjomba, mama alisema nini?”

Alikumbuka mwanzo tu: “Mwanangu, siku ile nilipokufungia mlango.” Yaliyofuata hakuyasikia, alikuwa akiweka nukta. Dada akafumbua midomo, ikatoka pumzi tupu.

“Sijui,” akasema Bwana Najua, mara ya kwanza maishani mwake.

Binti akabeba begi lake. Dada alimtazama dirishani mpaka alipokata kona, kisha akamgeukia nduguye na kunyoosha kidole, polepole, kwenye kile kipicha cha pembeni.

Hakika, kuuliza si ujinga.